Nimepanda meli ya kitalii Mediterania kwa mara ya kwanza, nawapa ukweli kuanzia bei mpaka msosi

Nianze na hela maana najua ndo kitu cha kwanza mtauliza. Mi na dada angu tulilipa yuro 650 kila mtu, usiku saba, mwezi wa kumi, chumba cha ndani kisicho na dirisha, chakula humo, kodi za bandari humo. Ukipiga kwa hela yetu inagonga milioni moja na laki tisa hivi kwa kichwa. Kwa hela hiyo unalala, unakula, unaangalia shoo kila usiku na kila asubuhi unaamkia mji mwingine, na kwa mtu anayezijua bei za hoteli za ufukweni Nungwi msimu wa wazungu wengi, hiyo ni bei ya haki kabisa sina ubishi. Sasa shida ni kwamba yuro 650 ni bei ya kuingilia tu. Mpaka tunashuka kila mmoja alikua ameacha zaidi ya yuro 200 nyingine humohumo melini, na hatunywi pombe, na kasino tuliiona kwa mlangoni. Ndege sijaweka hapo. Kampuni siitaji kwa sababu ntalalamika huko mbele, na pia meli za bei hii zinafanana tabia, ukiijua moja umezijua.

Kwa ambao hamjui hizi safari zinavyoenda, meli inazunguka duara wiki nzima na watu wanapanda na kushuka kila bandari. Sisi tulipandia Barcelona, wengine wakapandia Marseille, wengine Genoa, so kila siku kuna wageni wapya wanashangaa lifti na kuna wenyeji wa siku tatu wanajifanya wamezaliwa humo. Matangazo yanasomwa kwa Kiingereza, Kiitaliano, Kifaransa, Kihispania na Kijerumani, moja baada ya jingine, mpaka yanaisha ushasahau walikua wanasema nini.

Njia yetu: Barcelona, Marseille, Genoa, Civitavecchia ambayo ndo bandari ya kwendea Roma, Naples, Valletta ya Malta, siku moja nzima baharini, unarudi Barcelona.

Viza sasa. Nchi zote hizo ni Schengen kwahiyo viza moja inatosha. Dada anaishi Ujerumani ana kibali chake, yeye alikua anasubiri tu nimalize kuhangaika. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, bima ya safari yenye matibabu ya angalau yuro 30,000, tiketi ya ndege, karatasi za benki, na pia uthibitisho wa kampuni ya meli unaoonyesha bandari zote na tarehe na jina lako lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, sisi tulikaa Barcelona kabla na baada ya meli so nikaomba Uhispania, ila wewe kama utaunganisha na siku kadhaa za Roma basi omba Italia. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na mwisho kabisa ni siku 15 kabla, na hizo siku 15 usizichezee hata kidogo. Na kama njia yako inagusa Uturuki au Tunisia au Montenegro jua kwamba pale unatoka nje ya Schengen alafu unarudi, viza ya kuingia mara moja haikufai, wanaweza kukugomea palepale bandarini na begi lako mkononi na hela ya meli hairudi.

Kupanda kwenyewe kulikua rahisi kuliko nilivyodhani. Kuna basi linaondoka pale kwenye mnara wa Columbus mwisho wa La Rambla linakupeleka mpaka kwenye majengo ya abiria, hamna haja ya teksi. Begi kubwa unaliacha pale chini likiwa na lebo ya namba ya chumba, utalikuta mlangoni kwako jioni, wakati mwingine jioni sana, kwahiyo dawa, chaja na nguo ya kuogelea weka kwenye begi la mkononi. Sisi wenye viza pasipoti zetu zilichukuliwa mapokezi zikakaa huko mpaka mwisho, unapewa kadi moja ya plastiki ambayo ndo ufunguo, ndo kitambulisho cha kutokea na kurudi, na ndo pochi. Hiyo ya tatu ndo mbaya. Ndani hakuna noti wala sarafu, kila kitu ni "kadi tafadhali", kadi imeungwa na kadi yako ya benki, na kidole kikizoea kugusa kile kimashine huhisi hata kama unatumia.

Zoezi la dharura. Honi fupi saba na moja ndefu, kila mtu aende kituo chake aonyeshwe jaketi linavyovaliwa. Watu wananuna sana hapa, wameshaanza kunywa, wameshavaa chupi za kuogelea, wanaona wanapotezewa muda. Mi sikununa. Ile Costa Concordia ilipogonga mwamba pale kisiwa cha Giglio Januari 2012 na kuua watu 32, kulikua na mamia ya abiria waliopanda jioni ileile ambao zoezi lao lilikua halijafanyika bado, na ndo baada ya pale sheria ikabadilishwa, kuanzia 2015 zoezi lazima liwe kabla ya kuondoka au papo hapo meli inapoondoka. Sisi tuliokua na MV Bukoba ya 1996 na Spice Islander ya 2011 jamani hatuna haja ya kuelezwa mara mbili, nililivaa lile jaketi nikafunga na kamba zote, dada akanipiga picha akatuma kwenye grupu la familia, mama akajibu "afadhali".

Chumba. Ukizima taa ni giza totoro, hujui kama ni saa tisa usiku au saa nne asubuhi. Kuna chaneli ya tivi inayoonyesha kamera ya mbele ya meli, iwashe, toa sauti, hilo ndo dirisha lako. Kitanda kizuri, mashuka meupe, anayesafisha anapita kila siku na haumsikii anaingia saa ngapi. Bafuni sasa, kile kibafu ni kidogo na pazia lake lina ugomvi na watu, ukifungua maji ya moto tu linajaa upepo linakuja kukubandika mgongoni, unalisukuma linarudi, unaoga umekumbatiwa na plastiki baridi ambayo waliotangulia pia wamekumbatiwa nayo. Nilichoka nikawa nalikunja juu ya bomba na kulowanisha sakafu nzima. Soketi ni zile za Ulaya za matundu mawili ya duara, chaja yetu ya pini tatu haiingii, beba adapta, na ekstensheni usihangaike nayo wanaichukua kwenye mashine ya ukaguzi.

Kama pesa yako inaruhusu lipia chumba chenye kibaraza ila sio lazima, maana ukweli chumbani unalala tu. Na kuna ile ofa ya bei ya chini zaidi ambayo kampuni ndo inakuchagulia chumba, tulichukua hiyo, wakatupa chini kidogo ya sehemu ya disko. Tulikua tunalala na ngoma mpaka saa nane usiku. Si kila usiku lakini.

Msosi ndo watu wanausifia sana na mi ntausifia nusu. Bafe ipo toka asubuhi mpaka usiku, mlangoni kuna dada mmoja wa Kifilipino kazi yake ni kukunyunyizia dawa ya mikono huku anaimba, hupiti bila kunyunyiziwa, na ana haki, tumbo likianza kuharisha mtu mmoja kwenye meli yenye watu zaidi ya elfu nne mnaliwa wote. Mikate, jibini, saladi, matunda, pasta, hapo hawana mpinzani. Nyama wanapika haina chumvi haina ndimu haina chochote, wali wao ni ule unaoshikana, na pilipili ukiomba wanakuletea kichupa cha kitu chekundu chenye siki. Dada alikuja na pilipili ya mbuzi ya kusaga kwenye kopo la losheni. Ndo ilituvusha. Kwa wasiokula nguruwe vibao vipo ila soma kila kibao, maana hawa jamaa nguruwe wanaitia mpaka kwenye maharage na kwenye mboga za majani, na ukiona vipande vidogo vya waridi kwenye supu usijiulize mara mbili.

Kitu kilichoniudhi kuliko vyote ni maji. Kwenye bafe kuna mashine unajaza glasi bure, ila usiku ukienda ule mgahawa wa kukaa mezani na vitambaa vyeupe na kisu cha samaki na kisu cha nyama, maji ya kunywa wanauza. Maji! Chupa yuro nne na kitu, na juu yake wanaweka asilimia ya huduma. Umelipa safari nzima alafu glasi ya maji ya kushushia chakula ulicholipia inakua biashara. Wakatuuliza siku ya kwanza mngependa maji yenye gesi au ya kawaida, kwa tabasamu, na hakuna aliyesema ni ya kulipia.

Aliyetufungua macho ni kijana mmoja mhudumu wa bafe. Tulikua tunabishana na dada kuhusu hiyo hiyo bili ya maji, kwa Kiswahili, kwa sauti, tukijua hakuna anayetusikia, mara nyuma yetu "dada zangu mwatoka wapi?" Kijana wa Mombasa, Likoni. Alifurahi mpaka akasahau kutoa sahani. Akatwambia "hayo maji musiyanunue tena, njooni huku juu mujaze glasi zenu mushuke nazo, hakuna atakayewauliza", na kweli hakuna aliyetuuliza. Akatwambia melini wako wengi kutoka Kenya, na wengi zaidi Wafilipino, Wahindi na Waindonesia, mkataba wake miezi tisa, kazi kila siku iendayo kwa Mungu, siku nzima ya kupumzika hamna, saa chache tu mchana ambazo wengine wanashuka bandarini kutafuta wifi ya bure wapige simu nyumbani. Kila tukipita anatuwekea embe. Embe la Mediterania halina ladha ila tulikula yote kwa heshima yake.

Na hapo kwenye wahudumu kuna ile hela ya huduma inayokatwa kila usiku kila mtu, kwetu ilikua yuro 12, piga mara saba mara watu wawili. Imeandikwa kwenye masharti kwa maandishi ya sisimizi. Mi sina shida na kuwapa wafanyakazi, nina shida na kutoiweka kwenye bei ya mwanzo mtu akaiona. Aliyetufaa sisi tulimpa mkononi pia.

Bahari: nilikua naijua ya pantoni la Kigamboni na ile ya boti ya Zanzibar ya kupewa mfuko, nikadhani meli kubwa hivi haitikisiki. Usiku wa kwanza kutoka Barcelona kwenda Marseille mnapita Ghuba ya Lion, na kuna upepo wa huko unaitwa mistral unateremka na bonde la mto Rhône unaingia baharini kwa hasira. Haikua kutikisika kama boti, ni kama sakafu inavuta pumzi taratibu, hangers za kabatini zinagongana kwa zamu. Watu walikua wanatembea kwenye korido wameegemea ukuta wote upande mmoja. Dawa ya kichefuchefu meza kabla, na vyumba vya katikati na chini vinatikisika kidogo kuliko vya mbele na juu, kwa hiyo hapo chumba chetu cha bei ya chini kilitusaidia.

Marseille bandari ya meli hizi iko mbali na mji, huwezi kutembea, kuna mabasi ya meli ya kulipia mpaka karibu na Bandari ya Kale. Pale ukichukua basi namba 60 linakupandisha mpaka Notre-Dame de la Garde, kanisa la juu ya kilima lenye sanamu lililopakwa dhahabu la Bikira Maria na mtoto, unaona mji wote na visiwa. Uzuri wa Marseille kwangu haukua huko lakini. Ulikua Noailles, mtaa wa soko katikati ya mji, vibanda vya viungo, mihogo, ndizi za kupika, vitenge vimening'inizwa mpaka barabarani. Marseille ina Wakomoro wengi mno, ni moja ya jamii zao kubwa kabisa nje ya visiwa vyao. Kuna mama wa Ngazija kajifunga leso vizuri kabisa alikua anachagua bamia, akatusikia tunaongea, akageuka akaanza kutujibu kwa lugha yake. Nusu tunaelewa nusu tunakisia. Akatuita wanangu, akamwambia muuza duka kitu kwa Kifaransa na bei ya sambusa ikashuka. Lisaa zima tukawa pale, na ndo hapo nikagundua kanuni ya hizi safari, mji wenye kukuvutia ndo utakaoukimbia, maana unatakiwa uwe melini nusu saa au saa kamili kabla ya kuondoka na meli haimsubiri mtu. Inasubiri tu walioenda na ziara yake yenyewe.

Genoa meli inafunga palepale mjini, unashuka unatembea. Tulikula focaccia, mkate wao bapa wa mafuta ya zeituni, tukaangalia mnara wa taa wa zamani wa mwaka 1543 kwa mbali, mvua ikanyesha, tukarudi kulala. Sina la zaidi.

Roma hapo sikilizeni vizuri kwa sababu hapa ndo kampuni inavuna. Civitavecchia iko kilomita kama 70 na ushee kutoka Roma. Meli inakuuzia basi la kukupeleka tu na kukurudisha, bila kiongozi bila tiketi ya kuingia popote, kwetu ilikua zaidi ya yuro 70 kila mtu. Sisi tukachukua basi la bure la bandari mpaka getini, tukasogea stesheni, tukapanda treni ya kawaida, kwenda na kurudi na mabasi ya mjini haikufika hata yuro 20. Treni kama saa moja hivi. Kuna kituo kinaitwa Roma San Pietro, ukishuka hapo Vatikano unatembea kwa miguu. Hofu ya kuachwa na meli ni ya kweli, kwa hiyo panga treni ya kurudi na uwe na nyingine mbili nyuma yake, migomo ya treni Italia ipo na hutangazwa mapema, angalia siku yako.

Basilika la Mtakatifu Petro kuingia ni bure ila foleni ya ukaguzi inazunguka uwanja, na mabega na magoti lazima yafunikwe. Kuna wadada wa Kizungu na vikaptula walirudishwa pale mlangoni wakaenda kununua mitandio ya bei ya kuua kwa wachuuzi. Sisi tulikua na kanga kwenye mkoba. Tukafunga tukapita kama wenye kanisa, na doti ile nyingine dada akamwazima bibi mmoja wa Kihispania asiyejua neno letu hata moja, akatusubiri nje kuirudisha na kutubusu mashavu. Koloseo tuliliona kwa nje, tiketi zake zinaisha mapema mtandaoni, na kusema ukweli ukishuka saa nne asubuhi na unatakiwa urudi saa kumi na moja, chagua kitu kimoja. Roma ya siku moja ni harufu ya chakula, sio chakula.

Sasa Naples. Hii ndo siku iliyolipa safari yote. Meli inafunga mbele ya ngome, unavuka barabara uko mjini. Tulienda stesheni ya Garibaldi tukapanda treni ya Circumvesuviana, treni chakavu imejaa na mkoba uweke mbele kifuani, kama dakika 40 unashuka Pompei Scavi, kituo cha magofu ya mji wa kale wa Pompeii, na mlango wa kuingilia uko hapo hapo. Tiketi kateni kabla mtandaoni kwa jina lenu, tangu Novemba 2024 wameweka kikomo cha watu 20,000 kwa siku na wanaangalia kitambulisho, hapo nakala ya pasipoti inafanya kazi maana yenyewe iko mapokezi ya meli.

Pompeii ilifukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79 na mi nilidhani nitaona mawe. Ni mji. Una mitaa, una njia za watembea kwa miguu, katikati ya barabara wameweka mawe makubwa ya kuvukia ili usikanyage maji machafu na kati ya mawe kuna nafasi ya magurudumu ya mkokoteni kupita, na magurudumu yamechimba mifereji kwenye mawe kabisa. Kilichonishika ni vibaraza vya chakula. Kila mtaa kuna kaunta ya mawe inayotazama barabarani, juu ina matundu ya duara na ndani ya matundu ni mitungi iliyojengewa humo, chakula kinakaa humo, mtu anapita anakula amesimama anaenda zake. Mama ntilie watupu! Watu wa kawaida nyumba zao nyingi hazikua na jiko la maana, wanakula mtaani, kama sisi Kariakoo. Kuna kimoja kilichochimbuliwa 2020 kaunta yake imepakwa rangi na michoro ipo mpaka leo inang'aa, jogoo, na mabata wawili wananing'inia tayari kwa kupikwa, yani menyu ya picha. Dada alisimama pale akawa anahesabu matundu na kupanga yeye angeweka nini, hili maharage, hili mchuzi wa pweza, hili supu. Tulitembea mpaka miguu ikawaka na hatukumaliza hata nusu. Kofia, maji, viatu vya kufunga, kivuli hakuna kule.

Tulivyorudi Naples tukala pizza ya yuro sita kwa kusimama, nyembamba katikati mpaka mchuzi unamwagika, ukingo umevimba na madoa meusi ya moto. Pizza ya melini baada ya hapo sikuigusa tena.

Malta nilikua siitarajii chochote. Meli inaingia Bandari Kuu asubuhi katikati ya kuta za mawe ya rangi ya asali pande zote mbili, toka kitandani uende juu uone, usiikose hiyo. Chini kuna lifti inakupandisha mita kama 58 mpaka bustani ya Upper Barrakka na saa sita mchana kamili wanapiga mzinga pale, watu wanakaa wamejiziba masikio. Kiingereza kila mtu anaongea, magari yanaenda kushoto kama kwetu kwa hiyo hakuna kugongwa ovyo, na mtaani wanauza pastizzi, keki za jibini au njegere, bei ya chini kuliko maji ya melini. Kanisa la Mtakatifu Yohana nje ni kama ghala, ndani dhahabu tupu na sakafu yote ni makaburi ya marumaru, na kuna mchoro mkubwa wa Caravaggio wa mwaka 1608 wa kukatwa kichwa Yohana Mbatizaji. Dada alitoka nje akasema ile picha imemharibia lanchi.

Siku ya baharini usitegemee utulivu. Watu wote wapo melini kwa pamoja, viti vya bwawani vimewekewa taulo tangu alfajiri na wenyewe hawapo, mapicha waliyokupiga wiki nzima yanauzwa ukutani kila moja bei ya sahani tatu za pizza ya Naples, maduka yote yana "ofa ya mwisho". Usiku kuna gala, yani usiku wa kupendeza, vaa, sisi tulivaa vitenge vya kushona na tulipigwa picha na watu tusiowajua kuliko nahodha.

Intaneti: simu weka hali ya ndege mkishaondoka bandarini. Baharini kuna mtandao wa meli yenyewe ambao laini yako inajiunga nao yenyewe, dada alipata meseji ya bili ya yuro 50 na ushee hata video hajafungua. Kifurushi cha wifi cha meli ni ghali, kinunue kabla ya safari kwenye tovuti yao ni nafuu kidogo, au kaa bila, kila bandari utapata mtandao kwa laini ya Ulaya.

Bili inakuja usiku wa mwisho. Yetu ilikua na chupa mbili za kwenye friji ndogo ya chumbani ambazo hatukuzigusa. Foleni ya mapokezi usiku ule ni nusu ya meli na kila mtu ana karatasi mkononi, tulisimama mpaka shoo ikaisha. Walizifuta bila kubisha, ambayo inakuonyesha wamezoea, na wangapi wanalipa tu kwa uvivu wa foleni. Angalia bili yako kwenye tivi kila siku jioni, kuna kipengele chake, usisubiri mwisho.

Na kabla ya kulala usiku huo begi kubwa unalitoa nje ya mlango likachukuliwe, hulioni tena mpaka uko nchi kavu. Bakisha nguo za asubuhi na viatu. Kuna baba mmoja wa watu wazima tulipanda naye lifti asubuhi ya kushuka, shati zuri, koti, na chini ndala za bafuni za meli, mkewe hamwangalii. Mnaitwa kwa makundi ya rangi, sisi tulikua wa mwisho mwisho, tumetoka kwenye saa nne. Kwa hiyo ndege ya kurudi msikate ya asubuhi hata kama mtaiona ni rahisi, chukueni ya jioni au lalieni Barcelona.